Wazee wa Jumatano na Kipa Namba 29

Jumatano ile wazee walichelewa kuingia kwenye barafu. Kwa kawaida saa tatu kamili asubuhi wameshajaa uwanjani, maana muda wao ni wa kulipia, na mmoja wao, aliyestaafu kazi ya posta, huzihesabu dakika kama sarafu. Siku hiyo saa tatu na robo ilipita barafu ikiwa kioo kitupu. Nikashuka kwenye mashine, nikaenda kuchungulia chumba cha kubadilishia nguo. Niliwakuta wamekaa kwenye mabenchi, viatu vya kuteleza wamevivaa nusu, kamba zinaning'inia, hakuna anayefunga. Nikajua hapa pana msiba.

Ken Dryden, kipa wa zamani wa timu ya hoki ya barafu ya Montreal Canadiens, alikuwa amefariki Ijumaa iliyotangulia, tarehe 5 Septemba 2025, kwa saratani, akiwa na miaka 78.

Najua kwa wengi wenu jina hilo ni geni. Kwangu pia lilikuwa geni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani, na barafu niliyoijua utotoni ni ile ya kuwekea samaki. Nilikutana na mke wangu Kigoma nikiwa utingo wa lori. Yeye ni Mrundi aliyelelewa kambini huko Kasulu, na familia yake ilipopata nafasi ya kuhamishiwa Kanada wakaletwa Quebec. Nami nikafuata. Ndivyo Mtanga alivyojikuta Montreal, anaongea Kifaransa cha kuungaunga na anatunza barafu ya uwanja wa hoki wa mtaa.

Kazi yenyewe ni kuendesha ile mashine inayoitwa Zamboni. Ina kisu chini kinachokwangua barafu iliyochanika, halafu nyuma inamwaga maji ya moto yanayoganda upya. Ndiyo, maji ya moto. Siku ya kwanza nilipoambiwa nijaze tangi maji ya moto nilidhani natumwa ujinga, kama kibarua mgeni anayetumwa dukani akalete nyundo ya kioo. Kumbe ndivyo inavyofanyika: yanayeyusha kidogo barafu ya chini, yanashikana nayo, na ikiganda inakuwa ngumu na safi.

Kila Jumatano asubuhi wanakuja wazee, wote wameshapita sitini na tano. Huku hakuna shikamoo, na mpaka leo mdomo unaniwasha nikimpita mtu mwenye mvi bila kumwamkia. Nilijizoeza kuinamisha kichwa kidogo na kusema bonjour, monsieur, nao wakazoea. Mtu wa posta ndiye kipa wao, na ndiye aliyenifundisha hoki. Alianza siku aliyoniona nimesimama nyuma ya kioo namtazama yeye peke yake, siufuati hata mchezo. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia nami nilikuwa kipa, wa mpira wa miguu.

"Basi wewe ni ndugu," akasema. "Wale wengine ni wendawazimu wanaokimbiakimbia."

Kwa aliyekulia kwenye mpira wetu, goli la hoki ni kichekesho: upana wa mita 1.83 na kimo cha mita 1.22. Letu ni mita 7.32 kwa 2.44. Ila kinachorushwa pale si mpira. Ni kisahani cha mpira mgumu, chepesi kuliko embe, kinachogandishwa kwanza ili kisidunde, na wenye nguvu wanakirusha kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa. Mzee aliniwekea kimoja mkononi kimetoka kwenye friza. Nikakirudisha haraka.

Siku hiyo hiyo alinionyesha Dryden kwenye simu. Nilitarajia anionyeshe akiruka. Akanionyesha picha ya mtu mrefu kupita kiasi, mita 1.93, amevaa kinyago chenye miduara ya rangi nyekundu, nyeupe na bluu, na hafanyi chochote. Amesimamisha fimbo yake wima mbele yake, ameweka mikono yote miwili juu ya kichwa cha fimbo, na kidevu kimeegemea mikono. Kama mzee wa kijijini anayesubiri ng'ombe wanywe maji. Mchezo uko upande wa pili na yeye anautazama tu.

"Hiyo ndiyo picha yake," akasema. Sanamu yake ya shaba iko kwenye uwanja wa Raymond-Bourque, pale Saint-Laurent, nami nilikuwa nimeipita na basi mara kadhaa bila kujua ni nani.

Ile picha ilinichoma, na sababu yake niliijua mwenyewe. Mwaka 1990 nilikuwa na miaka kumi na mitano. Tanga bado ilikuwa na homa ya mpira, kwa kuwa Coastal Union walichukua ubingwa wa nchi mwaka 1988, na wakubwa wetu walikuwa hawaishi kubishana juu ya makipa wa zamani, Mambosasa na Pondamali, nani zaidi. Mimi nilikuwa Pondamali wa mtaa. Siku moja tulikuwa tunagombea mbuzi na mtaa wa jirani. Tunaongoza bao moja, wenzangu wanacheza watakavyo, na kwa karibu nusu saa mpira haukuvuka kuja kwangu. Nyuma ya goli alikuwepo kijana anauza mihogo ya kukaanga, ya moto, ina pilipili na ndimu. Nikageuka. Sikununua hata, nilikuwa naomba kipande tu. Beki wao akautandika mpira kutoka kule kwake, ukadunda mbele yangu, ukanipita juu ya kichwa nikiwa na muhogo mdomoni.

Tukatolewa kwa penalti. Jioni harufu ya pilau la mbuzi ilivuka barabara ikaja mpaka kwetu. Mjomba wangu, aliyekuwa amekuja kunitazama, hakunigombeza. Alisema tu, "Mjomba, leo umefungwa na muhogo." Kwa miaka miwili mtaani nikaitwa Muhogo.

Nilipomsimulia mtu wa posta alicheka mpaka akakohoa, halafu akawa makini ghafla. Akaniambia nimtazame Dryden tena kwenye ile picha, nitazame macho na siyo mikono. Timu ile ya Montreal Canadiens, msimu wa 1976/77, ilicheza mechi 80 za ligi ikapoteza 8 tu. Kipa wa timu kama hiyo anakaa dakika nzima nzima hana la kufanya, jasho linaanza kumpoa mgongoni, watu elfu kumi na kadhaa wanaimba, halafu ghafla anatokea mtu mmoja peke yake anakuja mbio. Kipa wa timu mbovu anapigiwa kila saa, anabaki na moto. Huyu anatakiwa awe amepumzika na yuko macho kwa wakati mmoja. Mzee alisema alijaribu jambo hilo miaka hamsini na hajaliweza.

Basi Jumatano ile nikakaa nao kwenye benchi. Sikuitwa, lakini kwenye msiba mtu haitwi.

Huku watu hawana matanga kama yetu. Hakuna mkeka, hakuna turubai la barabarani, hakuna kahawa ya usiku. Lakini walichokuwa wakifanya wale wazee nilikitambua: ni kile kinachotokea siku ya tatu, kilio kikishatulia, mmoja anaanza na hadithi, mwingine anamsahihisha.

Mtu wa posta alianza na mwaka 1971. Dryden alikuwa bado mwanafunzi wa sheria Chuo Kikuu cha McGill, ameitwa kwenye timu kubwa mwezi Machi, amecheza mechi sita za ligi tu na zote ameshinda. Katika mojawapo, tarehe 20 Machi, kipa wa kwanza aliumia, Dryden akaingizwa, na kwenye goli la upande wa pili, la Buffalo, alikuwepo kaka yake Dave. Baba mmoja, mama mmoja, kila mtu na goli lake. Mwisho wakapeana mkono katikati ya barafu. Halafu ikaja mitoano, na kocha akampa goli kijana huyo mbele ya Boston Bruins, mabingwa watetezi waliokuwa wamefunga mabao 399 msimu ule. Montreal wakawatoa katika mechi ya saba. Phil Esposito wa Boston, aliyekuwa amefunga 76 peke yake, akamwita Dryden twiga mwizi.

Hapo niliingilia. Niliwaambia kwetu twiga ni mnyama wa taifa, hatukanwi. Wakacheka kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

Kilichowafurahisha zaidi ni kwamba Boston ndio waliomchagua kwanza, mwaka 1964, kisha muda mfupi baadaye wakampeleka Montreal kwenye mabadilishano. Walimtoa wenyewe, akarudi kuwaibia. Na Montreal walipochukua Kombe la Stanley, lile la ubingwa wa ligi, akapewa tuzo ya mchezaji bora wa mitoano, kabla hajapata ile ya mchezaji chipukizi, aliyopewa mwaka uliofuata. Mtu kawa bora kuliko wote kwanza, halafu ndiyo akawa bora kuliko wanagenzi.

Mzee wa pili, fundi bomba mstaafu, yeye ni mbishi wa asili. Kila kijiwe kinaye mmoja. Akasema marehemu asemwe vizuri, sawa, lakini tusidanganyane: mbele yake walisimama Robinson, Savard na Lapointe. "Mkinipa mabeki hao watatu, hata huyu Mtanzania angekaa golini."

Nilikubali mara moja, ila mtu wa posta alichukia. Akauliza: mwaka 1973/74 mabeki hao hawakuwepo? Msimu ule Dryden hakucheza. Aliona analipwa kidogo kuliko makipa wasiomfikia, klabu ikakataa kumpandishia, akaondoka akaenda Toronto kufanya kazi ya mwanafunzi wa uwakili kwa mshahara mdogo, mwaka mzima. Montreal wakatolewa raundi ya kwanza na New York Rangers. Aliporudi wakapanda tena, na kuanzia 1976 hadi 1979 wakachukua Kombe la Stanley mara nne mfululizo. Fundi bomba alifunga kamba ya kiatu kimoja, akanyamaza. Nadhani alitaka tu ajibiwe, maana kubishiwa marehemu ni njia mojawapo ya kumtaja tena.

Hadithi hiyo ya 1973 inanihusu, acha niiseme hapa. Kwa miaka minne nilikuwa kibarua kwenye uwanja mmoja kabla ya huu. Nilifungua mlango alfajiri, nikafunga usiku, nikatengeneza barafu, nikafagia, na kila Mei mkataba unakatwa, Septemba naanza upya kama mgeni. Nilikuwa naogopa kusema. Mhamiaji anajifunza kushukuru kwanza, na shukrani ikizidi inakuwa kufuli mdomoni. Mtu wa posta, ambaye tangu hapo alikuwa akicheza huko, aliniambia habari za kipa aliyetoka kwenye timu bora duniani akaenda kupanga makaratasi kwa sababu hesabu haikukaa sawa. Nikaenda kuuliza. Nikajibiwa kwamba wapo wengi wanaoitaka kazi hiyo. Nikaondoka, nikaosha vyombo kwenye hoteli majira yote ya baridi, na mke wangu hakunisema hata siku moja, ingawa kodi ilitukaba. Mwaka uliofuata ikatokea nafasi hapa, ya kudumu, na wale wazee wakahama na mimi. Simfanani Dryden. Yeye alirudi akachukua vikombe vinne, mimi nilipata bima ya meno. Lakini nilijua kwamba kuondoka siyo lazima kuwe kukimbia.

Tukarudi kwenye simulizi. Mtu wa posta akagusia mwaka 1972, zile mechi nane na Wasovieti, Dryden upande mmoja na Vladislav Tretiak upande mwingine. Ya kwanza ilichezwa hapa hapa Montreal tarehe 2 Septemba, na Wakanada waliokuwa wameshaandaa sherehe wakapigwa 7 kwa 3, Dryden akiwa golini. Ya mwisho ilikuwa Moscow tarehe 28, na Dryden huyo huyo golini, wakashinda 6 kwa 5, bao la Paul Henderson zikiwa zimebaki sekunde 34. Kilichomkaa mtu wa posta ni ile ya kwanza. Alisema kumwona Dryden amefungwa saba, halafu mechi inayofuata mtu mwingine amekaa golini, halafu yeye tena, ndipo alipoelewa kwamba kuaibika siyo mwisho wa kazi.

Kazi za baadaye waliziruka haraka: urais wa klabu ya Toronto Maple Leafs, ambao mashabiki wa Montreal wanamsamehe kwa shida, ubunge wa York Centre kuanzia 2004 hadi 2011, uwaziri, ambapo mwaka 2005 alipatana na majimbo juu ya mpango wa kulea watoto wadogo kwa bei nafuu, na serikali iliyofuata ikaufuta. Mimi ndiye niliyeuliza zaidi juu ya hapo, kwa sababu shemeji yangu yuko Toronto na kwa miaka mingi alilipia kituo cha watoto pesa inayokaribia kodi ya nyumba, wakati sisi Quebec, ambako utaratibu wa namna hiyo ulianza mwaka 1997, tulilipa kidogo tu. Wazee hawakuvutiwa. Wao walitaka kurudi golini.

Wa tatu ni mzee asiyesema. Nimekuwa naye miaka, najua sauti yake kwa kuagiza kahawa tu. Akasema tarehe 18 Mei 1971, mechi ya saba ya fainali kule Chicago, alikuwa na miaka kumi na miwili, amekaa sakafuni, baba yake kwenye kiti nyuma yake. Baba yake alikuwa mtu wa kiwandani, wa maneno machache na mkono mzito. Chicago wanaongoza mawili bila. Montreal wakarudisha, wakaenda tatu kwa mbili. Halafu Jim Pappin akapata nafasi pale karibu kabisa, goli wazi, na ule mguu mrefu wa Dryden ukafika. "Baba aliniwekea mkono kichwani," akasema. "Akausahau hapo mpaka mechi ikaisha." Akaonyesha kwenye upara wake mwenyewe, sehemu yenyewe hasa.

Hakuna aliyeongeza. Chumba kile kina harufu ya jasho la soksi na mpira wa mazulia, na bomba la joto linagonga kila baada ya muda. Tuliisikiliza ikigonga.

Mechi 397 za ligi, ushindi 258, vipigo 57, sare 74, mechi 46 bila kufungwa, vikombe sita, halafu mwaka 1979 akavua vifaa akiwa na miaka thelathini na mmoja tu. Takwimu hizo aliziorodhesha fundi bomba, yule yule aliyepinga, kwa kichwa, bila simu. Miaka minne baadaye Dryden alitoa kitabu juu ya maisha yale ya uwanjani, na mtu wa posta anacho, kimechanika mgongo na kimefungwa kwa utepe wa kufungia fimbo. Jezi yake namba 29 ilipandishwa darini pale Bell Centre, uwanja wa Canadiens, tarehe 29 Januari 2007. Mtu wa posta alikuwepo, tiketi za mbali kabisa, alisema aliona kichwa tu, lakini kwa mtu mrefu kiasi kile kichwa kinatosha.

Usiku wa Jumamosi, habari zilipofika, mke wangu alinikuta naangalia ile picha kwenye simu. "Baba Zuhura, nani kafa?" Nikamwambia kipa. "Wa Tanga?" Nikasema wa hapa. Akanitazama muda kidogo, akaniuliza kama nitakula.

Saa nne kasoro dakika ishirini wazee wakakumbuka kwamba wamelipia. Wakafunga kamba, wakaingia. Hawakucheza. Mtu wa posta akateleza taratibu hadi golini akiwa na mapambo yake yote ya ukipa, wenzake wakajipanga kwenye mstari wa buluu, na yeye akasimamisha fimbo wima, akapandisha mikono, akaweka kidevu. Mgongo wake una ugonjwa na hakuweza kunyooka vizuri. Akakaa hivyo, pengine dakika moja, pengine mbili. Mashine za kupozea barafu zilikuwa zinanguruma chini ya miguu yetu.

Halafu akaniita. Nilikuwa mlangoni na viatu vyangu vya mpira. "Njoo, Muhogo," akasema, kwa Kiswahili chake hicho cha neno moja, na ndiye mtu pekee Kanada nzima anayelijua jina hilo. Nikaenda kwa hatua za bata. Akanipa fimbo. Nikaisimamisha, nikapandisha mikono juu yake, nikataka kuweka kidevu.

Mimi mfupi. Fimbo peke yake ilinifika puani, na nikiweka mikono juu yake sioni mbele. Fundi bomba akaanza kucheka kule kwenye mstari, kisha wote, mpaka yule asiyesema akaegemea ukuta. Watoto wa shule walikuwa wameshafika, wamebandika nyuso kwenye kioo, wanataka kujua nani huyo anacheza golini na viatu vya kufagilia.

Nikamrudishia mzee fimbo yake. Nilikuwa na dakika kumi za kutengeneza barafu.